Afisa Aliyehamishiwa Ukutani

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani, na kosa si la ramani. Wachora ramani walipofika kwetu umeme ulikuwa umekatika. Wakaambiwa wangoje kidogo. Wakangoja, wakaoa hapa hapa, wakazeeka. Kwa hiyo msomaji atakayehisi kwamba anaitambua nchi hii ajue macho yamemdanganya. Mimi nasimulia tu yaliyotokea, polepole, kama yalivyofuatana.

Kwingine, nasikia, umeme ni bidhaa: mtu ananunua, mtu anauza, ukiwa mbovu, lawama zinarudi kwa mwenye duka. Kwetu umeme ni mgeni. Ndivyo alivyotamka Mkuu wa Nchi siku alipofungua mtambo. Alisema umeme ni mgeni mheshimiwa atokaye mbali, mwenye safari zake, na mgeni hapangiwi saa ya kuja wala ya kuondoka. Tukapiga makofi, tena kwa moyo. Mali hatuna, lakini katika kupokea wageni hakuna aliyepata kutushinda. Kwetu mgeni akikuta mlango umefungwa, aibu ni ya mtaa mzima.

Hapo ndipo ilipotungwa Sheria ya Mapokezi. Umeme ukikatika, kila mwananchi aache taa zake zikiwa zimewashwa, pasi imechomekwa, friji imechomekwa, redio sauti juu, ili utakaporudi uone kwamba tulikuwa tunaungoja. Kuchomoa plagi wakati umeme haupo ni kumfungia mgeni mlango. Kushusha swichi kubwa ni kumsukuma kifuani.

Sasa umeme wetu ukirudi haurudi kwa mwendo wa mtu mzima. Hurudi kama fahali aliyekata kamba: huruka juu, huanguka, huruka tena, ndipo hutulia. Katika nchi zisizo na adabu watu huchomoa vitu vyao mapema, husubiri utulie, kisha huchomeka kimoja kimoja. Wengine hufunga kabisa kifaa cha kukinga nyumba. Sisi tuliupokea kwa mikono miwili. Televisheni zikatoa moshi. Friji zikakoroma mara moja zikanyamaza. Na mara nyingine mtu aliyekuwa ameishika friji hakuiachia tena.

*

Bungeni akatokea mbunge mpya, bado hajazoea, akauliza: je, ni wananchi wangapi wameuawa na umeme?

Waziri wa Mapokezi ya Umeme alisimama, akafuta miwani yake, akasema, "Mheshimiwa Spika, hakuna." Akaketi.

Lilikuwa jibu zuri, fupi, ila lilikuwa na kasoro moja. Waziri akishasema bungeni haiwezi kuwa si kweli, na makaburi tayari yalikuwepo. Wakubwa wakajifungia na chai na sambusa. Walipotoka walikuja na ufumbuzi ambao, lazima niseme, ulikuwa na huruma ndani yake. Wale watu hawakufa. Wamehamishiwa kazini. Mgeni alipendezwa na mapokezi yao hata akawachukua wawe wenyeji wake, na kituo chao kipya cha kazi ni kuta za nyumba zao. Kila mmoja akapewa cheo cha Afisa Mapokezi wa Kudumu. Na kwa kuwa mtumishi wa umma aliye kazini haliliwi, familia zilikatazwa kuweka msiba. Zikahimizwa kupika pilau ya kumpongeza.

Tulidhani tutacheka. Lakini hatukucheka, kwa sababu ya ule mvumo.

Kuta zetu zilikuwa na mvumo tangu zamani. Ukiweka sikio pale nyaya zinapopita unausikia, mwembamba, kama nyuki waliofungiwa kwenye kibuyu. Kabla ya tangazo ulikuwa mvumo tu. Baada ya tangazo kila aliyefiwa aliweka sikio ukutani akatambua sauti ya mtu wake.

*

Bi Nyamizi alikuwa mmoja wao. Mumewe, Lutonja, alipima pamba kiwandani maisha yake yote, na alikuwa na tabia ya kuvumisha wimbo puani wakati mizani inatulia. Nyumba yao aliijenga mwenyewe, na nyaya alizitandika mwenyewe pamoja na mdogo wake Shigela, kwa kuwa mafundi, alisema, wana majivuno. Siku moja umeme ulirudi wakati anachukua maji ya kunywa kwenye friji, miguu mitupu, sakafu mbichi. Umeme ukaruka. Lutonja akabaki ameishika friji.

Tulipotoka makaburini, Mjumbe Mabula alikuwa ameshafika na kopo la rangi. Mabula ndiye aliyesimamia mapokezi mtaani kwetu. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti kubwa.

"Hongera, mama," alisema.

"Hongera ya nini, Mjumbe? Mume wangu nimetoka kumfukia sasa hivi."

"Uliyemfukia ni mwili, mama. Afisa yuko hapa." Mabula akaupiga ukuta wa sebuleni kwa kiganja, juu kidogo ya soketi, vidole vikateleza hadi kwenye skrubu yake, na papo hapo akaruka nyuma hadi kwenye meza. Alijikusanya, akaokota kofia. Machozi yalimtoka, lakini alikuwa anatabasamu. "Umeona? Amenipokea."

Akaandika ukutani kwa rangi nyeupe: AFISA YUKO NDANI. Akala pilau, akaenda zake.

Bi Nyamizi alibaki anautazama ukuta. Kisha, taratibu, kama mtu anayetega sikio mlangoni kwa watu, akalaza shavu lake pale. Shahidi ni jirani wa ng'ambo ya barabara, Mama Ndaki, aliyekuwa anakusanya sahani. Anasema Bi Nyamizi alifumba macho akasimama hivyo mpaka wali wote ukapoa.

"Ni yeye," alisema. "Anapima pamba."

Mama Ndaki hakushangaa. Mwanawe Ndaki, kijana wa kidato cha tatu, alihamishiwa ukutani mwaka uliotangulia akiwa anapiga pasi shati la shule, na yeye pia alikuwa na ukuta wake.

Basi wanawake wale wawili wakawa na kawaida. Asubuhi, kazi zikiisha, kila mmoja huketi kwenye kigoda karibu na ukuta wake. Umeme ukikatika, kuta hunyamaza, nao hutoka barazani kuzungumza.

"Wako yupo?"

"Yuko likizo. Wako?"

"Wote likizo."

Siwacheki. Nchi yenyewe ilikuwa imewapa neno hilo, nao hawakuwa na jingine.

*

Majira ya baridi Minza, binti wa Bi Nyamizi, alikuja kujifungulia kwao. Alizaa mtoto wa kiume, mdogo, mwenye kutetemeka. Upepo ulipenya mabati, blanketi hazikutosha, mtoto akalia siku nzima. Kisha Minza akagundua jambo. Ukuta wa babu, pale juu ya soketi, ulikuwa na joto.

Akasogeza kigodoro cha mtoto hadi kikagusa ukuta. Mtoto akanyamaza, akalala fofofo.

"Mama, njoo uone. Babu yake anamkumbatia!"

Bi Nyamizi alikuja akaona. Alifurahi, nani asingefurahi? Mtaa mzima ulipanga foleni kuja kumtazama mtoto anayelelewa na ukuta. Mama Ndaki alimtazama kwa muda mrefu kuliko wote. "Wa kwangu anaimba tu," alisema, na kwa mara ya kwanza alirudi kwake bila kuaga.

Lakini baada ya furaha ikaja harufu, kama mtu anayeunguza nailoni mbali. Mjumbe Mabula aliinusa akasema ni manukato ya kazi. Kisha chokaa pale juu ya soketi ikageuka rangi ya chai, na ile rangi ikawa inatambaa, kila umeme uliporudi ikiongezeka upana wa kidole. Bi Nyamizi alipouweka mkono wake pale aliuondoa haraka.

Akakihamisha kigodoro. Mtoto akalia. Minza akakirudisha.

"Ukuta unaunguza, mwanangu."

"Mama, una wivu."

"Wivu na mjukuu wangu?"

"Alipokuwa anakuimbia wewe hukusema unaunguza."

Neno hilo lilimwingia. Aliondoka akaenda kumwita Shigela, mdogo wa marehemu. Nimesema marehemu, kwetu neno hilo lilikuwa kosa, msiniripoti.

*

Shigela hakusomea umeme. "Mimi nimeusomea mwilini," alikuwa akijigamba. "Umenipiga mkono wa kulia, umenipiga mkono wa kushoto, hauna ulichobakiza kunificha." Alikuja na bisibisi, akafungua kisanduku cha swichi kubwa, akachungulia, akacheka kwa dharau.

"Loo! Mjinga gani huyu ameweka msumari mahali pa fyuzi?"

"Ni wewe, shemeji," alisema Bi Nyamizi. "Wewe na kaka yako. Mlisema ni wa muda."

"Ulikuwa wa muda. Muda gani, hatukusema."

Alicheka peke yake. Kisha akaenda ukutani, akanusa, akaiona ile rangi ya chai, na kicheko kikamwisha. Alimweleza shemeji yake kila kitu, akipunguza sauti kama watu wanaoongea kando ya mgonjwa. Ndani ya ukuta pale kuna kiungo cha nyaya ambacho yeye na kaka yake walikisokota kwa vidole wakakifunga kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Kimelegea. Kila umeme unaporuka, kiungo kinaungua kidogo. Fyuzi ya kweli ingekatika, nyumba ikapona, lakini msumari haukatiki. Waya wa kwenda ardhini hawakuweka kabisa, waliona ni anasa. Umeme ukiruka sana mara moja tu, ukuta utawaka, na mabati yatafuata.

"Basi vunja ukuta, ufunge upya."

"Naweza. Kwanza umeme ukatike, ushushe swichi hii. Halafu usiipandishe tena mpaka nimalize."

"Na yeye?"

"Nani?"

"Kaka yako."

Shigela alikuwa ameshauweka mkono ukutani kutafuta mahali pa kuanzia. Aliuacha pale. Umeme ulikuwepo, na ukuta ulikuwa unaimba. Nadhani alisikia kitu alichokifahamu, kwa sababu uso wake ulibadilika ukawa wa mtoto aliyeitwa na mkubwa wake.

"Shemeji," alisema, "mimi nilizisokota nyaya hizi pamoja naye. Alikuwa anaimba hivi hivi."

Akaweka bisibisi mfukoni. Akakumbusha kwamba kumtoa afisa kituoni ni kifungo. Akasema ana homa. Akaondoka bila hata kunywa maji, na mlangoni aligeuka akasema tena, bila kumtazama usoni, "Swichi ni kushusha tu. Hata wewe unaweza."

Tangu siku hiyo Bi Nyamizi alijua jambo la kufanya, na hakulifanya. Umeme ulikatika mara kadhaa, naye alisimama mbele ya kile kisanduku, mkono umeinuka, kisha akaenda kukaa kwenye kigoda. Akimnyamazisha huyu, alimwambia Mama Ndaki, hatakuwa na mwingine.

"Usimnyamazishe," alisema Mama Ndaki. "Mhamishe mtoto."

"Nikimhamisha, Minza anamrudisha."

*

Habari za mtoto zilifika juu. Mjumbe Mabula alirudi amevaa suti.

"Mama, jiandae. Mheshimiwa Waziri anakuja kumwona mtoto wa kwanza nchini kulelewa na Afisa Mapokezi. Umeme utazuiwa tangu asubuhi, na utaachiliwa akiwa hapa hapa sebuleni, ili aushuhudie ukiingia."

"Mtoto atakuwa wapi?"

"Mahali pake, mama. Ukutani."

Ilikuwa heshima isiyopata kutokea mtaani kwetu, na majirani hawakutaka kubaki nyuma. Kila mmoja alileta kitu chake kimpokee mgeni mbele ya Waziri. Zikaletwa pasi, feni, jiko la umeme la shule, na friji mbili za duka la soda. Vyote vikaunganishwa kwenye ile soketi moja, waya juu ya waya. Sakafu ikawa kama shamba la viazi vitamu. Katikati, kwenye kigodoro chenye shuka jipya, mgongo ukigusa ukuta wa rangi ya chai, alilazwa mtoto.

Waziri aliingia, akapewa kiti, akafuta miwani.

"Ndugu wananchi," alisema, "katika nchi jirani watu wanauogopa umeme. Wanajikinga nao! Nimesafiri, nimeona kwa macho yangu: wameweka vidude vya kuuzuia mlangoni, kama vile ni mwizi. Nikajiuliza, hawa wamelelewa na nani? Sisi hapa, mtoto mchanga, hajui hata kuketi, ameshaupa umeme mgongo wake!"

Tukapiga makofi. Minza alikuwa analia kwa fahari.

Ng'ombe wa bati, yaani honi ya mtambo, akalia mbali. Ndiyo ishara kwamba mgeni anaanza safari.

"Unakuja!" alipiga kelele Mabula. "Kila mtu atabasamu!"

Bi Nyamizi hakuwa amesimama na wageni. Alikuwa pembeni, chini ya kile kisanduku, na shavu lake lilikuwa ukutani. Ukuta ulikuwa kimya. Umeme ulikuwa bado njiani. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia mwisho wake tu.

"...basi unisamehe, Baba Minza. Huyu ni mdogo."

Akainua mkono, akashusha swichi. Ilitoa mlio mdogo sana, kama kijiti kikavu kikivunjika.

"Mama," alisema Waziri, "unafanya nini?"

"Nafunga mlango, Mheshimiwa."

Hakuna aliyepata nafasi ya kumkamata. Nje umeme ulikuwa umefika. Taa ya nguzo ililipuka. Redio ya kinyozi ilipiga yowe la kibinadamu ikafa. Nyumba moja baada ya nyingine ikatoa mlio wake, vigelegele vikachanganyika na mayowe, na kutoka kwa Mama Ndaki tukasikia ukuta ukiimba kwa nguvu kuliko siku zote, sauti ya juu, ya kijana.

Ndani mwetu hakukutokea kitu. Feni hazikuzunguka. Mtoto alipiga chafya.

Waziri alikaa akisubiri. Alikuwa ameahidiwa afisa. Mwishowe aliinuka, akaweka sikio lake ukutani, yeye mwenyewe, na nilimwona akifumba macho kama tulivyokuwa tukifumba sisi. Nilijiuliza kama na yeye hakuwa na mtu.

"Mbona hasemi?" aliuliza.

"Amekufa, Mheshimiwa."

"Amekufa lini?"

"Siku ile alipokufa."

Neno hilo halikuwa limesemwa kwa sauti mtaani kwetu kwa muda mrefu sana. Bi Nyamizi alikuwa kama mtu aliyejishtua nalo. Alijishika kiuno, akakaa sakafuni katikati ya zile pasi, akanyoosha miguu kama wanavyoketi wafiwa, akalia. Minza alimwinua mtoto kutoka ukutani, akauona mgongo wa kigodoro ulivyokauka ukawa wa kahawia. Akaketi chini karibu na mama yake. Wanawake wakavua viatu mlangoni wakaingia, mmoja mmoja. Hakuna aliyewaita. Waziri akatoka kwa kupitia jikoni.

*

Jioni redio zilizopona zilitangaza kwamba Afisa Mapokezi Lutonja amestaafishwa kwa manufaa ya umma. Ziliongeza kwamba wananchi wa mtaa wetu walimpokea Waziri kwa machozi ya furaha. Baadaye walikuja watu wakaikatia umeme nyumba ya Bi Nyamizi kwenye nguzo, iwe adhabu. Sasa anatumia taa ya mafuta. Shigela alikuja akavunja ukuta mchana kweupe, akatoa kile kiungo cheusi, akakaa nacho kiganjani muda mrefu kabla ya kukitupa.

Mtoto ameanza kutambaa.

Mama Ndaki alikuja siku moja, tukiwa barazani. Ukuta wake nao umeanza kubadilika rangi. Mlango ukiwa wazi, unaonekana hata kutoka barabarani.

"Uliposhusha," aliuliza, "alisema kitu?"

"Hakusema kitu," alijibu Bi Nyamizi.

"Hakulia?"

"Hakulia, dada. Ilikuwa kimya tu. Nije nikushikie mkono? Tushushe wote wawili."

Mama Ndaki aliitazama nyumba yake ng'ambo. Alifikiri kwa makini, kama mtu anayechagua kitambaa.

"Wa kwako alikuwa mtu mzima," alisema. "Wangu bado mdogo. Ataogopa giza."

Akavuka barabara akarudi kwake.

Leo tena umeme umekatika. Bi Nyamizi amesimama barazani na mjukuu mgongoni, anatazama ng'ambo, na mara kwa mara anaita, "Mama Ndaki! Njoo tuzungumze!" Haitikiwi. Mlango wa kule uko wazi. Pasi imechomekwa, shati la shule limetandazwa juu ya meza, na Mama Ndaki ameketi kwenye kigoda chake, shavu ukutani, anangoja.